Kichuguu ambacho hakikuwa kwenye ramani yangu

Mzee alipiga sururu mara ya nne, bonge la udongo likamomonyoka, naye akasimama. Hakusema neno. Alinipungia mkono nisogee, huku mkono wa pili ameubana mpini kama anayezuia sururu isishuke yenyewe.

Ndani ya kichuguu, kwenye uvungu wenye upana wa sufuria ya ugali wa watu wanne, kulikuwa na mayai. Meupe, marefu kidogo, yamebanana na kupakwa udongo mpaka mengine yalionekana kama sehemu ya ukuta. Niligusa moja kwa ncha ya kidole. Halikuwa gumu kama yai la kuku. Ganda lake lilikuwa kama ngozi, linabonyea kidogo na kurudi. Na lilikuwa na joto. Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa sita, upepo unatoka ziwani, mimi nimejifunga kitenge mabegani, lakini lile yai lilikuwa na joto la kitu kilicholala kifuani mwa mtu.

"Ya kenge haya, mwanangu," alisema. "Kila mwaka nayakuta. Nilifikiri unajua, si ndiyo kazi yako?"

Sikujua. Niseme vizuri: nilikuwa nimesoma darasani kwamba kenge maji hutaga kwenye vichuguu, nikaandika jibu hilo kwenye mtihani, nikapata maksi zangu. Lakini kwa misimu miwili ya kiangazi nilikuwa nimetembea mwambao kutoka Luchelele mpaka Kayenze nikitafuta makazi ya kenge, na katika madaftari yangu yote neno kichuguu halikuwemo hata mara moja. Kichuguu kimoja nilikuwa nakiegemea kila jioni nikisubiri bodaboda.

Tuliyahesabu. Yalikuwa 27. Mzee aliyapanga kwa macho tu, mimi nikayahesabu kwa sauti ya chini bila kuyageuza, maana yai la mjusi likishatulia ndani mtoto hujishikiza upande wa juu, na ukilipindua unaweza kumuua. Kisha tukarudisha udongo kwa mikono. Mzee alichimba upande mwingine siku hiyo, na matofali yake yakapungua kwa sababu yangu.

Nataka kueleza kwa nini asubuhi ile imebadilisha namna ninavyofikiri juu ya kazi hii yote ya kutafuta wanyama na kuwaweka kwenye ramani. Naanzia nyuma kidogo.

Nilikuwa nafanya shahada ya uzamili, na kazi niliyojichagulia ilikuwa kuchora ramani ya mtawanyiko wa kenge kwenye kipande cha mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza: wapi wapo, wapi hawapo, na wanahitaji nini ili wawepo. Wenzangu walikuwa na tembo, simba, mbwa mwitu. Mimi nilikuwa na mnyama ambaye jina lake mtaani ni tusi. Mtu akikuona mjinga anakuita kenge. Akiona huambiliki anasema una sikio la kenge, husikii mpaka damu ikutoke. Nimekaa muda mrefu kimyakimya karibu na kenge, na natamani kila anayelisema hilo angekaa nami siku moja. Tundu la sikio lake liko wazi nyuma ya jicho, ngozi ya ndani unaiona kabisa. Ukikanyaga jani kavu hatua kumi na tano kutoka alipo, kichwa kinainuka. Ukikanyaga la pili, hayupo.

Tunao wa aina mbili huku. Kenge maji, anayeitwa kitaalamu Varanus niloticus, ndiye mjusi mrefu kuliko wote Afrika. Mkubwa hupita mita 2 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Yupo na kenge wa nchi kavu, Varanus albigularis, mnene zaidi, pua yake butu kama imevimba, anayekaa vichakani na kwenye miamba mbali na maji. Huyu wa pili nilimwona mara chache mno, kwa hiyo habari zake nitamwachia anayemjua.

Mtu anaweza kudhani mnyama wa mita 2 hafichiki. Huko Ufilipino, kwenye kisiwa cha Luzon, mwaka 2010 wanasayansi walitangaza kenge wa msituni ambaye hakuwa ameandikwa popote: karibu mita 2, mweusi mwenye madoa ya manjano, anaishi juu ya miti na kula matunda. Walimpa jina Varanus bitatawa. Luzon si kisiwa cha pembeni. Manila iko hukohuko, na watu wamejaa. Na hilo jina bitatawa hawakulitunga wao. Ndivyo Waagta, wenyeji wa milima ya Sierra Madre, walivyokuwa wakimwita, maana walikuwa wakimwinda na kumla tangu zamani. Waliokuwa hawamjui ni wale wenye madaftari.

Ndugu yake wa kisiwa hichohicho, Varanus olivaceus, ambaye wenyeji humwita butaan, naye ana kisa chake. Aliandikwa katika karne ya 19 kutokana na mjusi mmoja aliyehifadhiwa, kisha kwa zaidi ya miaka 100 hakuna mwanasayansi aliyeweza kusema anaishi wapi hasa, mpaka Mmarekani Walter Auffenberg alipokwenda kumtafuta miaka ya 1970. Huyu anashinda juu kabisa ya miti. Ukipita chini kwa miguu, hata ukipita kila siku, humwoni. Waliokuja baadaye kumchunguza walijifunza kuacha kumtazama yeye na kutazama alichoacha: alama za kucha kwenye magome, mbegu za matunda ndani ya kinyesi chini ya mti. Wakafunga kamera kwenye mashina ya miti ya matunda zimpige picha anapopanda.

Niliposoma habari hizo nilijiona nimepata njia. Mwaka huohuo nilipata nafasi ya majuma machache kisiwani Rubondo, kusaidia kazi ya watu wengine na kufanya yangu pembeni.

Kwa msomaji asiyeijua, Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, iko kusini magharibi mwa ziwa, na sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu. Ndiko walikopelekwa sokwe kutoka mabustani ya wanyama ya Ulaya miaka ya 1960, wakaachwa msituni, na vizazi vyao vipo hadi leo. Hakuna chui, hakuna simba. Ukitoka Mwanza ambako kila jiwe lina nyumba pembeni, ukashuka Rubondo, masikio yanachukua siku nzima kuzoea. Msitu unaanza palepale maji yanapoishia. Mizizi ya mikuyu imeingia ziwani, matawi yamelala juu ya maji.

Siku tatu za kwanza nilitembea njia za msituni nikaona kenge mmoja. Mmoja! Nilikuwa nimetegemea kuwakuta wengi. Jioni ya siku ya tatu askari wa hifadhi aliyekuwa ananisindikiza, kijana mpole asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Dada, zile chubwi unazisikia?"

Nilikuwa nazisikia. Chubwi, mbele yetu kidogo. Tukisogea, chubwi nyingine. Nilidhani ni vyura wakubwa, au matunda yanayodondoka.

"Hao ndio kenge wako," akasema. "Wanakuona kabla hujawaona."

Kesho yake tuliingia kwenye boti, tukazima injini mbali na ufuo na kusogea kwa kasia, saa tatu asubuhi, wakati jua limeanza kushika matawi. Na nikawaona. Wakubwa wamelala kwenye mizizi, miguu imeachiwa pembeni kama nguo zilizoanikwa. Wadogo wako juu zaidi, kwenye matawi membamba yanayoning'inia, weusi wenye mistari na madoa ya manjano yaliyokolea kiasi kwamba ukishamwona mmoja unashangaa ulimkosaje. Kila mmoja alikuwa amechagua tawi ambalo chini yake ni maji. Tulipokaribia mno, tawi likatikisika, chubwi, pakabaki viduara.

Niliandika daftarini siku ile kwamba kutoka nchi kavu nilipata mmoja kwa siku tatu, na kutoka majini nikapoteza hesabu kabla ya chai ya saa nne. Msitu ni uleule. Kenge ni walewale. Kilichobadilika ni mahali nilipokuwa nimekaa mimi. Kuna watu huandika kwenye ripoti "hakuna" wanapomaanisha "sikuona", na nilitambua kwamba kwa siku tatu nilikuwa mmoja wao.

Kule kisiwani pia nilianza kukusanya kinyesi chao kwa bidii. Naomba msomaji asikunje uso, kwa sababu hakuna barua ambayo mnyama anakuandikia iliyo wazi kuliko hiyo. Cha kenge kina sehemu mbili: upande mmoja mweusi au wa kijivu, na mwisho mweupe kama chokaa. Ukikikausha na kukivunja unakuta vipande vyekundu na vya zambarau vya gamba la kaa, magamba ya samaki, makombora ya konokono yaliyosagika, mara nyingine manyoya. Kenge mdogo ana meno membamba makali; akizeeka meno ya nyuma huwa butu na manene kama ya kusagia, ndiyo maana anaweza kuvunja konokono. Kwenye ufuo wa mchanga karibu na mahali mamba wanapotaga nilikuta mashimo yaliyofukuliwa na maganda ya mayai yametapakaa, na alama ya mkia wa kenge imechorwa katikati ya nyayo zake. Ule usemi kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, nadhani aliyeutunga aliwahi kukaa ufuoni. Kenge hafuati mamba kwa bahati mbaya.

Usiku, tukiota moto, tulikuwa tunabishana kuhusu kenge wa msituni. Magharibi na katikati ya Afrika, kwenye misitu mizito ya mvua, wapo kenge wenye mistari michache mgongoni na ulimi mweupe, tofauti na wa kwetu ambao ulimi wao ni wa samawati iliyokolea. Kwa miaka mingi walihesabiwa kama aina ndogo tu ya kenge maji, kisha mwaka 1997 wakapewa hadhi ya spishi yao wenyewe, Varanus ornatus. Vitabu vikachora ramani: huyu wa msitu hapa, yule wa savana pale. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti wa vinasaba, na ramani ikavurugika. Ilionekana kwamba mistari na ulimi havikutenganisha damu. Wale wa msitu wa Afrika ya kati hawakuwa ukoo wa peke yao. Lakini kule mbali zaidi, kwenye misitu ya Afrika Magharibi, kulikuwa na kenge ambao kweli wametengana na wengine kwa mamilioni ya miaka, na hao wakarudishiwa jina lililokuwa limesahaulika, Varanus stellatus. Nilipenda sana kisa hiki, na bado nakipenda. Kinaonyesha kwamba makazi yanaweza kumvalisha mnyama nguo tofauti bila kumbadilisha ukoo.

Nilirudi Mwanza na imani kubwa. Sasa najua kutafuta, nikawaza. Nikakodi mtumbwi, nikawa napita ufukweni asubuhi kwa kasia, nikaandika kila kenge kwenye GPS, na baada ya kiangazi cha pili nikafungua ramani yangu kwenye kompyuta.

Ilikuwa nzuri. Nukta zilikuwa zimekusanyika Igombe, Kayenze, kwenye mialo, yaani fuo wanakoshushia samaki, midogo midogo yote niliyopita, na kundi zuri kuzunguka Saanane, kile kisiwa cha mjini kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Niliandika kwa furaha kwamba kenge wa Mwanza wamezoea watu, wanapenda mialo, na mwambao wenye shughuli nyingi hauwadhuru.

Sababu yake iko wazi ukifika mwaloni alfajiri. Dagaa wanaanikwa, sangara wanapasuliwa, matumbo yanatupwa pembeni. Kenge wakubwa wanatoka kwenye matete wanakuja kula. Wavuvi wamewazoea. Mmoja alinionyesha kenge mwenye mkia uliokatika akaniambia, "Huyu namjua toka sijaoa." Kwa mkia wake nami nilimtambua kila nilipokwenda, misimu yote miwili. Hapo ndipo wavuvi waliponipa jina la Dada Kenge, na nimelipokea kwa moyo wote.

Halafu ndipo nikamfuata yule mzee wa matofali.

Nilimfuata kwa jambo jingine kabisa. Nilitaka kumuuliza kuhusu kenge wa nchi kavu, kwa kuwa anafanya kazi juu ya mteremko, mbali na maji. "Mwangaluka, baba," nilimwamkia. Akaniitikia, akanipa kigoda, akaendelea kuchimba. Udongo wa kichuguu ni mali kwa mfyatua matofali: mchwa wameshauchambua, hauna mawe, unashikana vizuri na tofali likichomwa halipasuki ovyo. Watu huutumia pia kusiriba nyumba, kuweka kwenye bustani, na wajawazito huununua sokoni kwa kuula. Mji unakua, nyumba zinapanda vilimani, na kila nyumba ni matofali. Sina neno baya kwa mzee yule. Amesomesha watoto wanne kwa vichuguu.

Sasa nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu ni moja ya mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaelewa.

Kichuguu kikubwa cha mchwa walimao ukungu, yaani kuvu wanaouotesha ndani kama chakula chao, huwa na joto lisiloyumba, karibu nyuzi 30 za sentigredi, na unyevu wa kutosha, mchana na usiku, masika na kiangazi. Mchwa wenyewe wanaufanyia kazi ukungu wao. Mvua zikinyesha, ukuta unalainika, na kenge jike hupanda kutoka majini, wakati mwingine umbali mrefu kwa mnyama wa maji, akachimba kwa makucha ya mbele mpaka katikati. Hutaga makumi ya mayai, anaondoka, harudi kuyaatamia. Mchwa wanakuja kuziba tundu kwa sababu hawavumilii tundu. Wanayafungia mayai ndani ya chumba ambacho hakiwezi kuingiwa na nguchiro kwa urahisi, wala kukauka, wala kupoa. Mayai hukaa humo miezi sita hadi tisa, pengine zaidi. Kisha ukuta ukilainika tena kwa mvua, watoto wanachimba njia na kutoka. Mmarekani mmoja, Raymond Cowles, aliliandika jambo hili Natal, Afrika Kusini, mwaka 1930. Karibu miaka 100 imepita. Na mimi nilikuwa nimeegemea kichuguu nikihesabu kenge wanaokula matumbo ya sangara.

Nilirudi kwenye fomu zangu. Kwenye kipengele cha makazi nilikuwa nimeweka visanduku vitano vya kutia alama: mwamba, matete, msitu, shamba, mwalo. Hakuna kichuguu. Fomu nilikuwa nimeitunga mwenyewe kabla sijaanza kazi, na tangu hapo ilikuwa inaniamulia nini cha kuona. Nikaongeza kisanduku, nikaongeza na kipengele cha umri, mkubwa au mdogo, jambo ambalo nilikuwa naliandika pembeni tu, bila utaratibu. Kisha nikaanza upya, safari hii nikitembea juu ya mteremko sambamba na ufuo, nikiandika vichuguu: vizima, vilivyochimbwa nusu, vilivyobaki shimo.

Ile ramani nzuri ilianza kubadilika mbele ya macho yangu. Kwenye mwalo wa yule kenge mwenye mkia mfupi, ambako nukta zilijaa kuliko kwingine, nilipekua madaftari yote ya misimu miwili nikitafuta kenge mdogo mwenye manjano yaliyokolea. Hakuwepo hata mmoja. Wote ni wakubwa. Na juu ya mwalo ule, kilima kizima, vichuguu vimeisha. Pamebaki mashimo yenye maji ya mvua na tanuri za matofali. Upande wa pili wa ghuba, mahali nilipokuwa nimepadharau kwa sababu nilipata nukta chache, madaftari yalikuwa na wadogo karibu kila safari. Huko vichuguu bado vimesimama kati ya mihogo.

Sehemu mbili hazitoshi kuthibitisha. Wadogo hujificha zaidi, hilo nalijua toka Rubondo, na kenge wakubwa huenda wanawala au kuwafukuza wadogo pale penye chakula kingi. Pia kenge si mnyama wa njia moja. Huko Florida, Marekani, kwenye mji wa Cape Coral, kenge maji waliotoroka au kuachiwa na watu waliokuwa wakiwafuga wameota mizizi tangu miaka ya 1990, mahali pasipo na vichuguu vya namna yetu, na wanazaana kwenye mashimo ya ardhini. Kwa hiyo sitasema kwamba bila kichuguu hakuna kenge. Ninachosema ni kwamba mnyama anayeishi miaka mingi anaweza kuendelea kuonekana kila asubuhi mwaloni, ameshiba, anajulikana kwa mkia wake, huku hakuna anayezaliwa nyuma yake. Nukta yake kwenye ramani inang'aa sawa na ya yule mwenye watoto. Tulichora mahali anapokula tukapaita makazi.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya yote katika hili. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri na natamani ifuatwe. Lakini vichuguu nilivyokuta na dalili za kutagiwa vilikuwa juu zaidi ya hapo, kwenye ardhi kavu ya mteremko, na inaeleweka kwa nini: mwaka 2020 ziwa lilipopanda sana, maji yaliingia mashambani na kwenye nyumba za ufukweni, na kichuguu kilichojaa maji hakilei yai. Kenge jike anapanda kwa sababu. Tukihifadhi ukanda wa chini tu, tunahifadhi meza yake, tunauza chumba cha kulala. Kila mpango wa kutunza wanyama wa mwambao niliowahi kuusoma unaanzia majini na kuishia kwenye matete. Nadhani tumekosea mpaka.

Yale mayai 27 hayakuishi. Nilirudi baada ya majuma matatu, tundu tulilolifukia lilikuwa limefukuliwa na nguchiro, maganda yametawanyika. Mchwa wa upande ule walikuwa wameshahama ukuta uliovunjwa, hawakuja kuziba. Nilikaa pale muda mrefu. Mzee alikuja akakaa pembeni yangu, hakunipa pole wala hakujitetea. Akaniambia kuna kingine, chini kidogo ya shamba lake la mihogo, na mwezi wa tano alimwona kenge mkubwa amekikumbatia asubuhi nzima. Akanipeleka. Upande mmoja wa kichuguu kulikuwa na kiraka cha udongo mpya, rangi yake imekolea kuliko sehemu nyingine, laini, kama mahali fundi amesiriba juzi. Mchwa walikuwa wameziba.

"Hiki nitakiacha," alisema. "Mpaka utakaponiambia."

Nilimwambia mpaka vuli. Sikuwa na fedha ya kumpa kufidia kichuguu, na yeye hakuitaja.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ya tatu ya nguvu ilipopiga, alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Kuna tundu," akasema. Nilipofika jua lilikuwa limeshapanda. Tundu lilikuwa katikati ya kile kiraka, upana wa vidole vitatu, na udongo umesukumwa kutoka ndani kwenda nje. Nikasubiri mpaka nilipokuwa na uhakika hakuna kinachotoka tena, siku nne zaidi, ndipo tukalipanua taratibu kwa kisu. Nguchiro hakuwa amefika. Maganda yalikuwa ndani, yamelegea, kila moja lina mpasuko mwembamba ulionyooka kama wa wembe, palipopita jino dogo la puani ambalo mtoto wa kenge huzaliwa nalo. Matatu hayakuanguliwa. Yaliyobaki, 19, yalikuwa matupu.

Mzee aliinua ganda moja akalitazama dhidi ya mwanga, akalirudisha alipolitoa. Kisha akanionyesha kwa kidevu kilima cha pili, ng'ambo ya njia ya ng'ombe, vichuguu vitano vikubwa kwenye shamba lisilolimwa.

"Vile si vyangu," akasema. "Mwenyewe anaanza kufyatua mwezi wa sita."

Nikamuuliza nyumba ya mwenye shamba iko wapi, nikavua viatu kwa sababu ya tope, nikaanza kushuka.